Foleni ya Sikio la Kulia

Kila Jumamosi asubuhi Nicandro alifungua mkahawa wake kwenye uwanja wa mji wa Montefrello, akapangusa kaunta, akawasha mtambo wa kahawa, na kabla hajamhudumia mteja yeyote akapeleka kikombe kimoja chenye sukari mbili kwenye meza ndogo iliyokuwa karibu na dirisha. Kahawa ile haikunywewa. Ilipopoa, Nicandro aliiondoa akaleta nyingine. Mheshimiwa Evaristo Mastropaolo, aliyeketi kwenye meza hiyo, alikuwa amefariki tangu Pasaka ya mwaka juzi, na daktari alikuwa amemkataza kahawa hata kabla ya hapo.

"Hanisumbui," Nicandro aliwaambia wateja. "Alipokuwa hai hakuwa analipa, na kahawa anakunywa. Sasa halipi lakini hanywi. Mimi naona nimepata nafuu."

Tena alikuwa na faida yake. Hewa iliyoizunguka meza ile ilikuwa ya baridi kama ya kisimani, kwa hiyo mwezi wa Agosti akina mama walileta matikitimaji yao wakayapanga miguuni pa Mheshimiwa, na saa ya chakula wakayafuata. Mheshimiwa aliyachunga bila kinyongo. Mtu akitaka kubeba lisilo lake, alimwambia kwa upole, "Hilo ni la Bi Assuntina," na mtu huyo akalirudisha.

Sababu ya yeye kurudi ilijulikana na wote, kwa kuwa wote walihusika. Kwa miaka arobaini Mheshimiwa alikuwa mbunge wa milima ile, na kwa miaka arobaini hakuna mtu wa Montefrello aliyepita karibu naye bila kumnong'oneza kitu sikioni. Walimnong'oneza kwenye ubatizo, kwenye maandamano ya mtakatifu, na siku moja hata kwenye foleni ya maungamo. Kwa hiyo alipokufa, akalazwa sebuleni kwake katika suti nyeusi na viatu vilivyong'arishwa, na mji mzima ukapita kumbusu kwenye paji la uso kama ilivyo desturi, midomo ilijikuta iko jirani na sikio, na mazoea yakafanya yaliyobaki. Mmoja aliomba pensheni ya mama mkwe. Mwingine aliomba mwanawe aliye jeshini aletwe kambi ya karibu. Bi Assuntina aliomba simu. Bwana mwenye duka la dawa aliombea mpwa wake, Gualtiero, kazi yoyote ya serikali mahali penye joto, maana kijana alikuwa na kifua.

Walimzika akiwa na kichwa kilichojaa. Jumamosi iliyofuata aliingia mkahawani, tai ikiwa imekaa upande, akamwambia Nicandro kwamba kulala kumemshinda. Kila akijilaza, maombi yanagongana kichwani kama njugu ndani ya kopo. Paroko alipoulizwa alisema kwamba yeye haoni ubaya, mradi marehemu asikose misa. Mjane, Bi Clotilde, alisema Jumamosi mumewe hakuwa anakaa nyumbani hata zamani.

Kazi aliifanya kwa simu ya ukutani, iliyokuwa imekatwa siku nyingi na waya wake ukining'inia juu ya kreti za bia. Aliinua mkono wa simu, akasubiri kidogo, akaanza kuzungumza na Roma. Upande wa pili walikuwapo watu aliowafahamu, makatibu na manaibu wa enzi zake, ambao wengi wao walikuwa wamekufa vilevile lakini walikuwa bado wako ofisini. Kule hakuna aliyewaambia waondoke. Alipokata simu, jambo lilikuwa limekwisha. Maombi aliyatekeleza kwa zamu, kama yalivyoingia sikioni.

Aliyekasirika ni mmoja tu, naye ni Seneta Amilcare Zullo wa chama cha upinzani, mzee wa miaka tisini, aliyekunywa kahawa yake kwenye mkahawa wa upande wa pili wa uwanja. Seneta alikuwa haisikii dunia kwa sikio la kushoto tangu fataki za sikukuu zilipolipuka karibu naye, na watu waliomhitaji walijua kupita kulia.

"Ananishinda kwa sababu hachoki!" alipiga kelele kutoka mezani kwake. "Ngojeni na mimi nife. Mimi nitafanya kazi na Jumapili!"

Watu wakampigia makofi. Ilikuwa ahadi nzuri.

Katika mji huo wote, aliyekuwa hajaomba kitu alikuwa Zelinda, binti wa Mama Concezia. Hakuwa na kiburi, alikuwa na aibu tu. Alivuka uwanja kwa kuambaa ukutani, na dukani mtu akimrukia kwenye foleni ya mkate, alimwachia, na mara nyingine akarudi nyumbani bila mkate. Shule aliiacha mapema akaanza kumsaidia mama yake jikoni, na mambo yakamnyookea zaidi hapo, kwa kuwa sufuria haimwulizi mtu anafikiri nini. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, na kwa misimu kadhaa alikuwa akipika katika shule ndogo ya mji kama kibarua, akisubiri nafasi ya kudumu itokee. Watoto walimpenda. Siku ya dengu walikula dengu.

Nafasi ikatokea. Ukaja mtihani wa serikali, wa kuandika na wa kupika, na Zelinda akawa wa kwanza. Jina lake lilibandikwa nje ya ofisi ya meya, na alipita kulitazama saa ya chakula cha mchana, wakati uwanja hauna watu. Alisimama pale mpaka jua likamchoma shingo. Halafu wiki zikapita bila mtu kumwita. Mwisho wa Agosti ikasikika kwamba jikoni ataingia Gualtiero.

Mama Concezia aliipata habari hiyo akiwa anaanua nguo. Aliingia ndani na kapu lake, akalitua mezani.

"Zelinda, Jumamosi utakwenda."

"Siendi, mama."

"Utakwenda na jibini. Lile kubwa, linaloning'inia kule stoo."

"Mama, mtihani nimeshinda. Nimekuwa wa kwanza."

"Hongera, mwanangu. Na Gualtiero kawa wa ngapi?"

"Hakumaliza. Alilia kwenye kitunguu, akaenda kwao."

"Basi unaona? Mwenzio kalia, na nafasi kaipata. Wewe umekata kitunguu mpaka mwisho, na unafua nguo zangu."

"Nikienda kuomba, mama, nitakuwa nimeipata kwa kuomba."

"Na usipoomba?"

"Nitakuwa nimeipata."

"Nani kakwambia?" Mama Concezia alianza kukunja shuka, na Zelinda akashika ncha ya pili, kama walivyofanya siku zote. "Baba yako, Mungu amrehemu, hakuomba kitu kwa mtu. Mtu safi. Walimzika safi, na simu hatuna mpaka leo."

Zelinda alimaliza kukunja shuka. Usiku alijigeuzageuza kitandani. Hakuwa anaogopa kuikosa kazi peke yake. Kilichomkaba ni kwamba kitu kile kilikuwa chake tayari, cha kwanza kuwa chake, na sasa alitakiwa akiombe kama kitu cha mtu.

Jumamosi alikwenda. Jibini alilichukua, maana mama yake alisimama mlangoni mpaka alichukue.

Foleni ilianzia kwenye meza ya Mheshimiwa ikatoka hadi nje, kwenye miti ya uwanja. Wengine walikuja na mayai, wengine na kuku. Bi Assuntina, aliyekuwa ameshapata simu na sasa alitaka ipakwe rangi nyingine, alimwona akageuka.

"Ala! Hata wewe, Zelinda? Leo theluji itaanguka!"

"Mwache mtoto," mwingine akasema. "Atatukimbia, na hilo jibini lake lilivyo zuri."

Zelinda aliona masikio yake yakiwaka. Hakukimbia, kwa sababu watu walikuwa wamemzingira na hakukuwa na pa kupita. Foleni ilimsogeza taratibu hadi akajikuta amesimama kwenye ule ubaridi, na tikitimaji likimgusa kisigino.

"Binti wa Concezia," Mheshimiwa alisema. "Keti. Nakukumbuka. Wewe siku ile ya kuniaga uliniambia nipumzike."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wengine wote waliniamsha. Ombi lako ndilo pekee lililonishinda, nami sipendi kushindwa. Haya, sema. Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

Watu waliokuwa nyuma walisogea ili wasikie vizuri.

"Hapa hakuna anayekuja hataki kitu," Mheshimiwa alisema. "Hata paroko alitaka kengele."

Zelinda akalishikilia jibini kwa mikono miwili. "Ile nafasi ya jikoni, shuleni. Nilishinda mtihani. Nataka... naomba usimpigie mtu simu. Asisemewe mtu yeyote."

"Isipokuwa wewe."

"Hata mimi."

Mheshimiwa alivua miwani akaifuta kwa leso, ingawa ilikuwa safi na macho yake hayakuihitaji tena. "Unataka nimseme nani vibaya?"

"Hakuna."

"Basi unataka nani aipate?"

"Aliyeshinda."

"Ambaye ni wewe."

"Ndiyo."

"Basi niseme wewe upate, tumalize."

"Hapana, Mheshimiwa."

"Jamani!" Mheshimiwa akawageukia watu. "Huyu mtoto ananichosha, na nimekwisha kufa."

Nicandro, aliyekuwa akisuuza vikombe, aliinua kichwa. "Mheshimiwa, mimi nadhani nimemwelewa. Anataka sheria."

"Sheria ipi?"

"Ile ya kawaida tu. Kwamba ifuatwe."

Mheshimiwa aliitazama simu, akamtazama Zelinda, akairudia simu.

"Hiyo sijawahi kuombwa," alisema hatimaye. "Nitalazimika kupiga juu zaidi."

Akainuka. Alisimama ukutani kwa muda mrefu kuliko kawaida, mkono wa simu sikioni, akinyoosha tai yake.

"Halo? Mastropaolo hapa. Sijambo, nimekufa. Na wewe? ... Vivyo hivyo, asante. Sikiliza, ninaye binti hapa, mtu wangu kabisa, nataka umfanyie jambo moja. Ni mtihani wa wapishi. Nataka sheria ifuatwe ... Ndiyo ... Najua, najua ... Najua ni vigumu, ingekuwa rahisi nisingekusumbua." Akaziba simu kwa kiganja, akamwinamia Zelinda. "Wanauliza kama inaweza kuwa nusu."

Zelinda akatikisa kichwa.

"Yote," Mheshimiwa alisema kwenye simu. "Kwa hisani yangu binafsi. Nitakukumbuka."

Alipoirudisha simu mahali pake, watu wakapiga makofi. Zelinda alitaka kusema kwamba sivyo alivyokusudia, kwamba alichokuja kuzuia ndicho kilichofanyika. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakaishia hapo. Bi Assuntina alikuwa anamkumbatia, na jibini lilikuwa limeshapokewa.

Barua ya kazi ilifika kabla zabibu hazijavunwa, nayo haikuja na tarishi. Lililoileta ni gari la ofisi ya mkoa, na mkuu wa ofisi mwenyewe akashuka akampa Zelinda mkono.

"Dada, una mtu mkubwa nyuma yako," alisema. "Mimi nimekaa pale tangu ujana wangu. Nimeona waliosemewa na maaskofu. Wa kusemewa hivi, kwamba tutekeleze kama ilivyoandikwa, sijamwona. Tulilazimika kukitafuta hicho kitabu chenyewe." Halafu akasogea karibu, akapunguza sauti. "Nina shemeji yangu. Ukipata nafasi kule mkahawani, usinisahau."

Mama Concezia alimkaribisha divai. Mgeni alipoondoka, alimshika binti yake mashavu.

"Umeona? Ungekwenda mapema ungekuwa mbali."

"Nilishinda, mama."

"Ulishinda, mwanangu, nani kakataa? Ulishinda, na yeye akasema. Vimekutana."

Gualtiero naye hakuachwa. Alifanywa mlinzi wa bwawa la kuogelea la mji, ambalo Mheshimiwa alilifungua kwa utepe mwaka wa uchaguzi na ambalo halikuwahi kuwekwa maji. Kibanda cha mlinzi kilikuwa na hita. Kijana alikaa humo akifungua na kufunga lango kwa saa zilizopangwa, na mchana alikuja jikoni kula. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alimwambia Zelinda kwamba yeye angewapikia watoto, wangekufa, na kwamba mji umeponea chupuchupu.

Zelinda alipika. Jikoni alikuwa anaimba siku hizi, kwa sauti ndogo ambayo mvuke uliifunika. Sufuria zilikuwa zake, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Zipo asubuhi alipougeuza ule ufunguo mlangoni akasahau kabisa ulivyopatikana, na hizo ndizo siku ambazo hata dengu zilirudiwa.

Mkahawani mambo yalikuwa yamebadilika. Watu walikuwa hawaombi tena kazi wala simu. Walikuwa wanataka ile ya Zelinda. Mkulima mmoja alitaka sheria kuhusu mpaka wa shamba lake. Muuguzi alitaka sheria kuhusu zamu za usiku. Mheshimiwa aliwasikiliza, akakuna kidevu, akawaeleza kwamba kitu hicho ni adimu, hakiwezi kugawiwa ovyo, na kule Roma wanakitoa kwa kujuana. Waliojuana wakapata sheria yao. Wasiojuana walirudi nyumbani wakatafuta jibini kubwa zaidi.

Mwaka uliofuata jiko la shule lilipewa jina la Mheshimiwa. Meya alikata utepe, Mheshimiwa akahutubia kwa ufupi, na Zelinda ndiye aliyeshika sinia lenye mkasi. Alipoulizwa aseme machache, alisema asante.

Shida ilikuwa tanuri. Lilikuwa la zamani, mlango wake haukufungika mpaka uegemezwe kiti, na kila kilichookwa kiliungua upande mmoja. Ofisi ya mkoa ilimjibu kwamba ombi lake limepokelewa. Majira ya baridi ofisi ikamjibu tena kwamba lilikuwa limepokelewa kweli. Hatimaye, akiwa amempelekea Mheshimiwa sahani ya mkate wa asali ili anuse, maana kunusa bado aliweza, Zelinda alimgusia.

"Tanuri?" Mheshimiwa alisikitika kwa dhati. "Binti yangu, matanuri ni ya chama cha Zullo. Tuligawana baada ya vita. Sisi tulichukua barabara na simu, wao wakachukua kila kinachopata moto. Nikigusa hapo itakuwa utovu wa adabu."

Seneta Zullo wakati huo alikuwa anaumwa na hapokei watu. Alikufa mwezi wa Novemba, kwa utulivu, kitandani alimozaliwa. Bendi ilikuja, mabango yenye jina lake yakabandikwa kwenye kuta zote, na usiku huohuo Nicandro wa mkahawa wa pili, ambaye jina lake hasa lilikuwa Fedele lakini kila mwenye mkahawa mjini aliitwa Nicandro, alisogeza meza moja karibu na dirisha akaiwekea kitambaa.

Zelinda alikwenda kuaga na mama yake. Njiani aliamua kwamba atambusu marehemu, atamwambia apumzike, na atatoka. Alikuwa ameliamua hilo kabisa. Sebuleni jeneza lilikuwa wazi kati ya mishumaa, na foleni ya watu waliovaa nguo nyeusi ilizunguka chumba, ikapita korido, ikashuka ngazi. Yote ilielekea upande wa kulia wa marehemu. Mheshimiwa Mastropaolo alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima, kofia mapajani, akiitazama foleni kwa jicho la mtu wa kazi hiyo.

Upande wa kushoto hakukuwa na mtu, na Zelinda, kwa aibu yake, akapita huko. Aliinama, akambusu Seneta kwenye paji la uso. Paji lilikuwa la baridi, kama hewa ya ile meza. Midomo yake ilikuwa karibu sana na sikio.

"Tanuri," alisema. "La shule. Lenye mlango."

Seneta hakufumbua macho. "Upande wa pili, binti," alisema. "Hili halisikii."

Zelinda akashukuru. Akazunguka jeneza, akapita watu wote sebuleni, koridoni na kwenye ngazi, akafika mwisho wa foleni uani, ambako Gualtiero alikuwa amesimama na kofia yake ya ulinzi mkononi.

"Wewe unataka nini?" alimwuliza.

"Maji," Gualtiero alisema. "Ya bwawa. Na wewe?"

Zelinda alimwambia. Gualtiero akakubali kwa kichwa kwamba ni jambo la haki kabisa, akampisha atangulie, na foleni ikasogea.